Parachuti isiwe leseni ya kupaisha droni juu ya vichwa vya watu

SIKU ya soko mjini Sindo, katika Suba Kusini, Kaunti ya Homa Bay, watu husongamana baina ya barabara na ufuo wa Ziwa Victoria. Wanawake hugeuza omena waliotandazwa juani juu ya nyavu kuukuu, waendeshaji bodaboda husubiri abiria, na watoto hucheza kando ya mashua zilizovutwa nchi kavu. Chombo kinapopita angani juu ya watu hao, wao si abiria wake wala wateja wake. Hata hivyo, kikianguka, ni wao kitakaowaangukia.

Jambo hilo linastahili kujadiliwa mapema, kabla ajali haijalazimisha mjadala. Ndege zisizo na rubani, ambazo wengi sasa huziita droni, si kitu kigeni tena katika eneo zima la ziwa. Kampuni ya Zipline ya Marekani, ambayo ilianza kupelekea hospitali za Rwanda damu kwa njia hiyo mnamo Oktoba 2016, ina kituo Chemilil, Kaunti ya Kisumu, ambako ndege zake huondoka zikiwa na dawa, chanjo na bidhaa nyingine za afya.

Upande wa Tanzania, mwaka 2018, kampuni za DHL na Wingcopter za Ujerumani zilifanya majaribio ya kupeleka dawa kwa droni kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe. Umbali wa kilomita 60 juu ya maji ulimalizwa kwa wastani wa dakika 40. Oktoba mwaka uo huo, mji wa Mwanza ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya Lake Victoria Challenge, yaliyokusanya wataalamu wa droni na wasimamizi wa anga.

Kadhalika, ni nadra siku hizi kufanyika mkutano mkubwa wa kisiasa, mazishi ya mtu mashuhuri au harusi ya kifahari bila kusikika mvumo wa droni ndogo ya kupiga picha ikizunguka juu ya umati.

Jibu ambalo watengenezaji wamekuwa wakilitoa kila wanapoulizwa kuhusu usalama wa watu walio chini ni moja: parachuti ya dharura. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Parachuti hupunguza kishindo cha chombo kinachoanguka. Haizuii chombo kuanguka, na wala haichagui mahali pa kukiangusha.

Jinsi inavyofanya kazi

Kwanza, yafaa kutenganisha vitu viwili ambavyo huchanganywa mara kwa mara. Wakazi wa maeneo yanayohudumiwa na Zipline wamezoea kuona kifurushi cha dawa kikishuka polepole kwa mwavuli wa karatasi. Huo ni mwavuli wa mzigo. Parachuti ya dharura ni nyingine kabisa: imekunjwa ndani ya mwili wa ndege yenyewe, na hufunguka tu pale ndege inaposhindwa kuendelea na safari.

Katika droni zilizoundwa vizuri, vihisio hupima kila mara mwinamo wa chombo na kasi yake ya kushuka. Vikibaini kwamba chombo kimepinduka au kinaporomoka, mtambo wa dharura, ambao unatakiwa usitegemee kompyuta ileile inayoongoza safari, huchukua hatua mara moja. Huzima injini ili mapanga yasikate kitambaa, hurusha parachuti nje kwa nguvu ya springi, gesi iliyoshindiliwa au baruti kidogo, kisha hupiga king'ora ili watu walio chini wapate kutazama juu na kukimbia.

Hesabu nyepesi ya shuleni inatosha kuonyesha umuhimu wake. Kitu kikiachiliwa kutoka urefu wa mita 120, bila kuhesabu ukinzani wa hewa, hufika ardhini kwa sekunde tano hivi, kikiwa na kasi inayokaribia kilomita 175 kwa saa. Droni ya kilo tano ikianguka kutoka mita 30 hugonga kwa nishati ya jouli 1,470 hivi. Droni iyo hiyo ikishuka kwa parachuti kwa kasi ya mita tano kwa sekunde hugonga kwa jouli zipatazo 62. Kishindo kimepungua zaidi ya mara 20, na huenda huo ndio ukawa mpaka kati ya mauti na jeraha.

Ndiyo maana shirika la viwango la ASTM lilichapisha mwaka 2018 kiwango maalumu cha parachuti za droni ndogo, kinachodai mtambo huo ujaribiwe mara nyingi katika hali mbalimbali za hitilafu. Mwezi Juni 2019, Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Marekani, FAA, iliiruhusu kampuni ya ujenzi ya Hensel Phelps kupaisha droni juu ya watu kwa kutegemea parachuti ya ParaZero ya Israeli, kwa kuzingatia kiwango hicho.

Kanuni za Marekani zilizoanza kutumika Aprili 2021 zilikwenda mbali zaidi. Ziliweka droni zinazopita juu ya watu katika makundi, kulingana na madhara zinayoweza kusababisha. Kundi la pili halitakiwi kumdhuru mtu kuliko kitu kigumu chenye nishati ya jouli 15 hivi. Kundi la tatu, jouli 34 hivi, na hilo la tatu haliruhusiwi kabisa juu ya mikusanyiko ya hadhara.

Msomaji akilinganisha takwimu hizo na hesabu iliyotangulia atagundua jambo. Droni ya kilo tano, hata ikiwa imefungua parachuti na inashuka taratibu kwa mita tano kwa sekunde, bado ina nishati inayokaribia maradufu ya jouli 34. Kuwa na parachuti, basi, si sawa na kuwa salama. Lazima ukubwa wake ulingane na uzito wa chombo, na lazima matokeo yapimwe badala ya kudhaniwa.

Kamba iliyokatika Zurich

Funzo kubwa zaidi lilitoka Uswisi, nchi ambayo haina uhaba wa wahandisi. Shirika la posta la nchi hiyo lilikuwa likitumia droni za kampuni ya Matternet kusafirisha sampuli za maabara baina ya hospitali. Januari 25, 2019, mojawapo ilipata hitilafu juu ya Ziwa Zurich, ikafungua parachuti na kushuka majini. Hakuna aliyeumia, na mtu angeweza kusema mtambo ulifanya kazi yake barabara.

Mei 9 mwaka uo huo, droni nyingine ilipata hitilafu mjini Zurich. Parachuti ilifyatuka kama ilivyokusudiwa. Kilichoshindwa ni kamba iliyoiunganisha na chombo: ilikatika, parachuti ikaenda zake na droni ikaporomoka. Ilianguka msituni, takriban mita 50 kutoka mahali walipokuwa watoto wa shule ya chekechea.

Huduma hiyo ilisimamishwa. Miongoni mwa marekebisho yaliyotangazwa ni kuimarisha kamba na kutumia mbili badala ya moja. Baina ya watoto wale na maafa palikuwa na bahati tu, kwa maana kila kitu kilichoandikwa katika karatasi za usalama kilikuwa kimetimizwa isipokuwa uimara wa kamba moja.

Afrika nayo ina kumbukumbu yake, iliyo chungu zaidi. Oktoba 2006, wakati majeshi ya Umoja wa Ulaya yalipokuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo kusaidia kulinda uchaguzi, ndege isiyo na rubani ya jeshi la Ubelgiji ilianguka jijini Kinshasa muda mfupi baada ya kuruka. Raia mmoja alifariki na wengine wakajeruhiwa. Hiyo ilikuwa ndege kubwa ya kijeshi, si kidude cha kupiga picha. Hata hivyo, waliopatwa na balaa walikuwa watu wa aina ileile: wakazi waliokuwa katika shughuli zao, wasio na habari na kilichokuwa juu yao.

Upepo wa ziwa

Sindo ina hali zake ambazo mtengenezaji aliyeko California au Tel Aviv hawezi kuzijua bila kuambiwa. Ya kwanza ni upepo. Mchana, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea ardhini. Usiku mambo hugeuka, ukavuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Mvuvi yeyote wa Suba analijua hilo tangu utotoni, kwani kwa upepo huo baba zake walitweka tanga.

Sasa na ichukuliwe droni inayofuata ufuo saa tisa alasiri, kwa urefu wa mita 100, ikapata hitilafu na kufungua parachuti. Ikishuka kwa mita tano kwa sekunde, itakaa hewani sekunde 20. Upepo ukiwa na kasi ya mita nane kwa sekunde, itasukumwa mita 160 kabla ya kugusa chini, masafa ya uwanja mmoja na nusu wa kandanda. Na kwa kuwa ni alasiri, itasukumwa kuelekea mjini wala si majini.

Hapa ndipo penye kiini cha suala hili. Parachuti hupunguza nguvu ya kishindo, lakini pia huongeza eneo ambalo kishindo hicho kinaweza kutokea. Rubani aliyejiwekea nafasi ya mita 50 kati ya droni na umati wa watu anaweza kudhani amewalinda, kumbe upepo wa ziwa una uwezo wa kuivuka nafasi hiyo mara tatu. Hata baada ya kutua, kitambaa kilichojaa upepo kinaweza kukiburuta chombo katikati ya vibanda.

Hali ya pili ni kwamba ziwa lenyewe si tupu. Ni rahisi kwa mpangaji wa safari aliyeketi mbele ya ramani kuona buluu na kuamini kwamba hapana mtu. Wavuvi wa omena hufanya kazi usiku wa giza, mashua zao zikiwa na taa za kuvutia samaki, na katika msimu mzuri taa hizo huonekana kutoka ufuoni kama mji mwingine unaoelea. Kumwangukia mvuvi aliye ndani ya mashua, gizani, mbali na zahanati, si jambo jepesi kuliko kumwangukia mtu wa sokoni.

Ya tatu ni ndege wa porini. Mahali panapoanikwa samaki hapakosi mwewe na korongo wakizunguka angani, na bawa lililovunjika au panga lililogongwa huleta hitilafu ya ghafla, karibu na ardhi, mahali ambapo parachuti haina muda wa kufunguka. Kila parachuti ina urefu wa chini kabisa inaohitaji ili ijae hewa. Chini ya hapo, kitambaa hicho ni mzigo tu.

Sheria na anayenufaika

Kenya haikosi sheria. Baada ya kanuni za kwanza za mwaka 2017 kubatilishwa na Bunge mwaka 2018, kanuni mpya za ndege zisizo na rubani zilianza kutumika mwaka 2020. Zinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini, KCAA. Droni lazima isajiliwe, na shughuli hugawanywa katika makundi matatu kulingana na hatari yake. Pasipo idhini maalumu, chombo hakitakiwi kupita futi 400, ambazo ni mita 120 hivi, wala kukaribia watu, magari au majengo yasiyo chini ya usimamizi wa mwendeshaji kwa chini ya mita 50.

Masharti hayo ni mema. Tatizo ni kwamba umbali wa mita 50 na uwepo wa parachuti huchukuliwa kama kinga mbili zinazojumlishwa, ilhali, kama hesabu ya upepo inavyodhihirisha, ya pili inaweza kuidhoofisha ya kwanza. Anayetoa idhini ya safari kandokando ya ziwa hana budi kuuliza pamoja maswali haya: chombo kina parachuti ya namna gani, kitapita saa ngapi, na upepo wa saa hiyo huelekea wapi.

Wapo watakaosema kwamba ukali wa namna hii utawanyima wagonjwa dawa. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Sindo iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Chemilil kwa mstari ulionyooka, na barabara ni ndefu kuliko mstari huo. Homa Bay imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa kaunti zenye maambukizi makubwa ya virusi vya Ukimwi, na kwa mgonjwa kukosa dawa kwa siku kadhaa si jambo la mzaha. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hawezi kungoja gari linalozunguka ghuba. Vilevile, pikipiki inayobeba sampuli kwa mwendo wa kasi nayo huua watu, na haina parachuti.

Ila hoja hiyo inawahusu wabebaji wa dawa peke yao. Katika safari ya dawa, jamii inayobeba hatari ndiyo inayopata faida: mama muuza omena anayepitiwa juu leo huenda ndiye atakayehitaji damu kesho. Mizani hiyo haipo pale droni ya picha inaponing'inia juu ya waombolezaji au wafuasi wa mwanasiasa. Faida ni ya mpiga picha na aliyemlipa. Hatari ni ya umati.

Na huko ndiko kwenye upungufu mkubwa zaidi. Ndege za mizigo zinazosafiri mbali huundwa zikiwa na mitambo ya dharura, na huendeshwa na watu waliofunzwa kwa kazi hiyo. Droni ndogo za kamera, ambazo hukaribia zaidi vichwa vya watu, nyingi huuzwa bila parachuti yoyote. Desemba 2015, nchini Italia, droni ya kamera ilianguka nyuma ya mchezaji wa kuteleza kwenye theluji Marcel Hirscher akiwa mashindanoni, ikimkosa kidogo tu. Desemba 2024, mjini Orlando, Marekani, droni za maonyesho ya taa zilianguka penye watazamaji, na mtoto wa miaka saba akajeruhiwa vibaya. Hizo zote zilikuwa shughuli za burudani.

Yanayopasa kufanywa

Hatua ya kwanza haigharimu pesa nyingi: njia ya safari ichaguliwe kabla ya kifaa. Ndege ya mizigo inayokwenda hospitali ya Sindo inaweza kuelekezwa mbali na soko, shule na ufuo wenye watu, na saa zake kupangwa kwa kuzingatia upepo na msimu wa uvuvi. Vyama vya usimamizi wa ufuo, ambavyo hujua mashua ziko wapi na usiku gani, ni washauri bora kuliko ramani yoyote. Kuwahusisha si hisani, kwani ushirikishaji wa umma umetajwa katika kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kuwa miongoni mwa maadili ya taifa.

Pili, anayetaka kupita juu ya watu akitegemea parachuti atoe ushahidi wa majaribio ya chombo kilekile anachotumia, kikiwa na mzigo uleule, na katika upepo unaofanana na wa ziwa. Cheti cha kiwandani ni mwanzo mzuri, lakini cheti hakikuizuia kamba ya Zurich kukatika. Kamba na kitambaa huchakaa kwa jua na unyevu, na ziwa lina vyote viwili kwa wingi. Hivyo ukaguzi uwe wa mara kwa mara na uandikwe.

Tatu, katika mazishi, mikutano na michezo, droni za kamera zipae kando ya umati wala si juu yake. Umoja wa Ulaya, katika kanuni zilizoanza kutumika mwishoni mwa 2020, ulikataza droni za kundi la kawaida kupita juu ya mikusanyiko ya watu. Picha nzuri hupatikana pia kutoka pembeni.

Nne, wananchi waelezwe. Mkazi wa Sindo ajue king'ora kinachotoka angani maana yake nini, kwamba anapaswa kutazama juu kabla ya kukimbia, na kwamba droni iliyoanguka haiguswi, kwa sababu betri yake yaweza kuwaka moto na parachuti ambayo haikufyatuka yaweza kufyatuka mkononi mwa mtoto. Chombo kiandikwe nambari ya usajili na simu ya mwenyewe kwa herufi zinazosomeka. Atakayeumia au kupoteza mali ajue kwa nani atadai fidia, bila kulazimika kusafiri hadi Nairobi kutafuta ofisi.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Parachuti ina nafasi yake katika tahadhari hiyo, nayo ni nafasi ya mwisho, baada ya njia salama, chombo kizima, rubani aliyefunzwa na umma uliojulishwa. Ikitangulizwa mbele ya hayo yote, itakuwa imegeuzwa kisingizio. Nao watakaolipia gharama ya kisingizio hicho ni watu walioinama juu ya omena wao ufuoni, wasioutazama hata upepo unaelekea wapi.